Taa Zisizo na Maji Chini Yake

Kila kijana anayekuja hapa Mwanga, Kigoma, akitaka kujifunza efekti za filamu, yaani kuongeza au kuondoa vitu kwenye picha kwa kompyuta, huanza na swali lilelile: "Shikamoo kaka, nianze na programu gani?" Jibu langu huwaudhi wengi. Nawauliza kwanza kama wamewahi kukaa ufukweni Kibirizi usiku wa giza wakatazama taa za wavuvi wa dagaa. Mtu kapanda bajaji toka Ujiji aje aulize habari za Blender, programu ya kutengeneza picha za 3D, wewe unamuuliza habari za dagaa! Ngoja niwaeleze.

Miaka kadhaa nyuma nilipewa kazi kwenye filamu fupi ya wavuvi. Mwongozaji alitaka shoti moja tu: mtumbwi unaondoka, na mbele yake ziwa limejaa taa kama mji ulioota juu ya maji. Bahati mbaya siku za kupiga picha ziliangukia mwezi mpevu. Mliokulia huku mnajua, mwezi ukijaa taa haina nguvu ya kuvuta dagaa, kwa hiyo wavuvi hupumzika, wanashona nyavu na kukarabati mitumbwi. Ziwa lilikuwa jeupe na tupu. Tukapiga mtumbwi jioni, jua likiwa limeshazama upande wa Kongo, nikaambiwa taa nitaziweka mimi kwenye kompyuta.

Nikaweka arobaini. Nilitengeneza moja kwa uangalifu, nikaipa mng'ao, nikainakili mara thelathini na tisa, nikaziyumbisha kidogo, nikarenda, yaani nikaiacha kompyuta itoe picha za mwisho. Nilijiona fundi. Kabla ya kumpelekea mwongozaji nikaenda kumwonyesha mzee aliyetuazima mtumbwi, kwa kweli nikitafuta sifa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Lete tuone."

Akatazama mara ya kwanza, kimya. Akaomba irudiwe. Halafu akasema, "Taa nzuri. Ila hazina maji chini yake."

Sikumwelewa, akanielekeza kwa kidole kwenye skrini. Taa ikiwa juu ya ziwa haikai peke yake. Chini yake kuna mstari mrefu wa mwanga unaokujia wewe unayetazama. Upepo ukilala mstari unanyooka, ukivuma unapanuka na kukatikakatika. Taa zangu zilikuwa zinaelea hewani kama nyota zilizopotea njia. Akaendelea: mbona zote zinapanda na kushuka pamoja, hawa wavuvi wako kwenye gwaride? Na hadithi yenu si ya zamani, enzi za karabai? Basi mbona mwanga ni mweupe wa kibuluu kama taa za siku hizi? Karabai ina joto kidogo kwenye rangi yake.

Mzee huyo hakuwahi kushika kipanya cha kompyuta. Ndani ya dakika mbili alikuwa amenipa masahihisho matatu ambayo hakuna somo la mtandaoni lililokuwa limenipa.

Nikaomba siku za nyongeza. Mwezi ulipoanza kuchelewa kuchomoza na wavuvi wakarudi majini, nikakaa Kibirizi toka saa mbili usiku hadi saa saba, nina daftari na simu kwenye stendi. Niliona jambo ambalo hata mzee hakunitajia: taa ya mtumbwi wa karibu huzimika ghafla, ikawaka tena. Haijazimika. Mtu kapita mbele yake. Hicho kizimio cha nusu sekunde ndicho kilichoipa shoti yangu uhai, kwa sababu kinamwambia mtazamaji kwamba kule kuna watu wanaofanya kazi. Taa arobaini nikazipunguza zikabaki kumi na saba, kila moja na mwendo wake na mstari wake majini. Ziwa likaonekana limejaa kuliko mwanzo.

Sasa turudi kwenye programu, maana najua ndicho mlichofuata. Blender ni ya bure, chanzo chake kiko wazi tangu 2002, na inatosha. Mwaka 2025 filamu ya katuni kutoka Latvia iliyotengenezwa kwa Blender ilichukua Oscar, kwa hiyo usinunue kisingizio cha programu ghali. DaVinci Resolve, ya kuhariri video, nayo ina toleo la bure, humo kuna sehemu ya kuunganisha picha. Chagua moja, kaa nayo mwaka mzima. Nawajua vijana wenye programu tisa kwenye kompyuta na hawana shoti moja waliyoimaliza.

Mnachotakiwa kujua mapema ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hii si milipuko wala madude yanayoruka. Ni kufuta na kukata. Ukitaka kuonyesha Ujiji ya 1871, mwaka Stanley alipomkuta Livingstone, nusu ya kazi yako itakuwa kuondoa mabati, nyaya, minara ya simu na bodaboda iliyopita nyuma ya mwigizaji. Ukifanya vizuri hakuna atakayejua umefanya chochote. Kama unapenda kusifiwa, bora uimbe.

Kukata ndiko tunakoita rotoskopi: unazungushia mstari umbo la mtu fremu kwa fremu, yaani kila picha moja moja inayounda video, ili uweze kuweka kitu nyuma yake. Huku kwetu tunapiga fremu 25 kwa sekunde, kwa hiyo shoti ya sekunde tano ni fremu 125. Anayeanza humzungushia mtu mzima mstari mmoja wenye nukta mia, halafu anazisukuma nukta hizo kila fremu mpaka mkono unakufa ganzi, na ukicheza klipu mstari unatetemeka kama mwenye homa. Mgawanye mtu wako. Kichwa umbo lake, mkono wa juu wake, wa chini wake, kiwiliwili chake, nukta chache kadiri inavyowezekana. Kisha usitembee fremu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nenda pale mwendo unapobadilika, mkono ukiwa juu kabisa na ukiwa chini kabisa, weka umbo hapo, halafu ingia katikati urekebishe, kisha katikati ya katikati. Na mkono ukienda kasi kingo zake huwa na ukungu, basi na kingo za umbo lako zilainike, la sivyo mtu ataonekana kakatwa na mkasi.

Siku hizi kuna zana za akili mnemba zinazokata mtu kwa kubofya mara moja. Zitumieni, mimi nazitumia. Ila mpeni mashine mvuvi anayerusha wavu jua likiwa nyuma yake, mje mnieleze.

Kitambaa cha kijani, kile kinachotundikwa nyuma ya mwigizaji ili programu ikifute na uweke picha nyingine, nacho kina hadithi yake. Kijani hupendwa kwa sababu kihisio cha kamera nyingi kina vijicho vya kijani mara mbili ya vile vya nyekundu au vya buluu. Mpangilio huo ulisajiliwa na Bryce Bayer wa kampuni ya kamera ya Kodak, hataza ikatoka 1976. Rangi yenye taarifa nyingi ndiyo rahisi kuitenga. Ila waliotunga ushauri huo hawakuishi kwenye michikichi. Mara ya kwanza nilitundika kitambaa uani, mwigizaji kavaa kitenge chenye majani ya kijani, nyuma mgomba unachungulia. Programu ikala kitambaa, ikala mgomba, ikatoboa na kitenge cha dada wa watu. Kwenye kijani kingi tumia buluu. Kitambaa kipigwe pasi, maana kila kunjo ni kivuli na kila kivuli ni rangi nyingine. Na mwigizaji asimame mbali nacho, mita mbili au zaidi, kijani kisimrukie mashavuni.

WhatsApp ni ugonjwa mwingine. Mteja alinitumia klipu kwa njia hiyo, nikahangaika usiku mzima kumtoa mwigizaji kwenye kijani, kingo zinatoka ngazi ngazi kama matofali. Video ya kawaida ya simu tayari hubana rangi: kila kundi la nukta nne za picha hugawana taarifa moja ya rangi, mwanga tu ndio unaobaki kamili. WhatsApp ikiibana tena juu ya hapo, hakuna kilichobaki cha kukata. Ombeni faili la asili, kwenye flashi au litumwe kama dokumenti. Na mpiga picha afunge kasi ya fremu, kwa sababu simu nyingi zikiachwa hubadilisha kasi zenyewe katikati ya klipu na kila ulichokilinganisha kinahama.

Kuhusu umeme sina haja ya kuwahubiria watu wa Kigoma. Piga hesabu tu: fremu moja ikichukua dakika nne kurenda, fremu 125 ni dakika 500, saa nane na dakika ishirini. Nilikuwa narenda moja kwa moja kuwa video. Umeme ukakatika nikiwa nimefika fremu ya mia na kumi, faili lote likaharibika, na asubuhi mteja yuko mlangoni. Tangu siku ile narenda picha moja moja. Umeme ukikatika unaendelea ulipoishia. Mabadiliko madogo kwenye mipangilio, sijui kwa nini hayafundishwi somo la kwanza.

Pesa. Hapa Kigoma hutaitwa kesho kuchora majoka. Utaitwa kwenye harusi, tangazo la duka, video ya msanii, na video za mashirika. Msizidharau. Niliwahi kupewa na shirika moja dakika kumi na mbili za watoto darasani, kazi ikiwa kuficha sura zao zote. Watoto wenyewe hawatulii, mmoja anainama, mwingine anapita mbele ya mwenzake. Nilijifunza kufuatilia mwendo kwenye kazi hiyo moja kuliko miezi yote ya mazoezi, na nililipwa.

Lakini kukubaliana mapema ni sehemu ya ufundi. Msidhani wakubwa hawaumii: kampuni ya Rhythm & Hues ya Marekani iliomba kinga ya kufilisika Februari 2013, na mwezi huohuo kazi yake ikashinda Oscar ya efekti. Studio nyingi hukubali bei moja kwa kazi nzima, halafu mabadiliko yanaongezeka bila bei kuongezeka. Hata hapa iko hivyohivyo. Mteja mmoja alinirudisha mara kumi na moja kwenye nembo inayozunguka, mara iende kulia, mara kushoto, na mara ya mwisho akachagua ile ya kwanza. Sikuwa na pa kumshika. Sasa naandika hata kwa ujumbe wa simu: nusu kabla, marekebisho mawili ndani ya bei, la tatu linalipiwa, na faili la mwisho halitoki kabla salio halijaingia. Wengine hununa. Wanaonuna ndio waliotaka kumi na moja.

Mtu akikuomba kazi zako, mpe dakika moja, si tano. Shoti bora ianze. Onyesha picha ilivyokuja na ilivyotoka, na kama mlifanya wawili sema wewe ulifanya kipi. Hii fani ina watu wachache, uongo husafiri haraka kuliko treni ya kutoka Tabora.

Mwezi uliopita alikuja kijana mmoja, kaanza na swali lile la programu, nikampa swali langu la dagaa. Akaondoka amenuna, nikajua sitamwona tena. Baada ya siku nne akarudi na daftari. Alikuwa kachora mtumbwi, taa, mstari wa mwanga majini, na pembeni kaandika: "Mstari haukai sehemu moja. Nikitembea ufukweni unanifuata." Mimi nilikaa usiku mzima kwenye jiwe moja, sikutembea, sikuliona hilo. Nimempa kiti na kompyuta ya pili.

Kwa hiyo mkija, mje na sekunde tano za kitu mlichokitazama wenyewe. Kwenye flashi, tafadhali.