Maswali na majibu: Kiongozi wa Wayahudi wasiosali

Makala yangu iliyopita kuhusu Sherwin Wine, rabi wa Detroit aliyeanzisha jumuiya ya Kiyahudi isiyomwomba Mungu, imeniletea barua nyingi. Wengi wanauliza jambo moja: watu wasiosali wanahitaji kiongozi wa nini, na anafunzwa wapi? Nimechagua barua tano.

Mtu atakuwaje Myahudi ilhali hamwamini Mungu? (Msomaji, Morogoro)

Kama vile Mchaga asiyekanyaga kanisani anavyobaki Mchaga. Uyahudi ni dini, lakini pia ni watu wenye lugha zao, vyakula, nyimbo, makaburi ya babu zao na historia ndefu ya kufukuzwa na kuanza upya. Wine alipata urabi mwaka 1956, na kadiri alivyotumikia ndivyo alivyosadiki kwamba si haki mtu kutamka sala asizoziamini. Mwaka 1963 yeye na familia nane wakaanzisha Birmingham Temple, nje kidogo ya Detroit. Katika jengo lao la Farmington Hills, pale ambapo sinagogi huweka sanduku la Torati, waliweka sanamu ya neno la Kiebrania *adam*, yaani mtu. Torati yenyewe ikakaa maktaba. Sisi tunaosema "mwanadamu" hatuhitaji kufasiriwa neno hilo.

Madrikh, kiongozi wa jumuiya hizi, ni rabi kwa jina lingine? (Msomaji, Nakuru)

Hapana. Jina limetoka kwenye *derekh*, Kiebrania cha "njia". Madrikh ni mwenye kuonyesha njia, na akiwa mwanamke huitwa madrikha. Wanaoenzi Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, husema *vegvayzer*, maana ni ile ile. Rabi husoma miaka mingi hadi kuhitimu. Madrikh kwa kawaida ni mwanajumuiya mwenye kazi yake nyingine, labda mwalimu au muuguzi, anayejifunza kwa semina na kwa kufanya kazi chini ya waliomtangulia. Wote wawili hufunzwa na taasisi ya kimataifa ya Uyahudi huu usio na sala, uitwao Uyahudi wa utu, iliyoanzishwa mwaka 1985. Jumuiya nyingi ni ndogo mno, haziwezi kumlipa rabi wa kudumu.

Kama hakuna sala, anafundishwa nini hasa? (Msomaji, Arusha)

Hapa ndipo penye uzito, ndugu yangu. Padri au shehe akiitwa msibani huja na maneno yaliyokwisha kuwekwa na vizazi. Hata siku amechoka, maneno yenyewe yanambeba. Madrikh hana egemeo hilo. Inambidi akae na wafiwa, awasikilize, aandike kumhusu marehemu huyu na si mwingine, kisha aseme bila kuahidi pepo asiyoiamini. Kusema kweli mbele ya jeneza, tena kwa upole, ni kazi nzito. Ndiyo maana naamini jumuiya isiyo na sala inahitaji mafunzo zaidi, wala si pungufu.

Kwa hiyo anasoma historia ya Wayahudi kama wanahistoria wanavyoiandika, fasihi yao, fikra za mrengo wenyewe, na namna ya kuongoza shughuli za maisha: kumpa mtoto jina, bar mitzva (sherehe ya kijana kutoka utotoni), ndoa, maziko. Matanga ya siku saba, *shiva*, wengine huyashika bado (jina hilo ni ndugu wa damu wa "saba" yetu iliyotoka Kiarabu), ila badala ya sala watu husimulia maisha ya marehemu na kusoma mashairi. Pasaka nayo haiachwi. Habari ya kutoka Misri husimuliwa kama hadithi ya mababu, na wapo wanaoongeza kumbukumbu ya Wayahudi wa gheto la Warsaw, mtaa wa Poland walikofungiwa, waliosimama kupigana na Wanazi mkesha wa Pasaka, tarehe 19 Aprili 1943. Kiongozi lazima ajue kila mila ilikochimbuka kabla hajaigusa. Asiyejua ataibomoa tu.

Mwanangu yuko Chicago na anataka kumwoa binti wa Kiyahudi. Marabi wawili wamekataa kuwafungisha. Hawa watakubali? (Mama, Mombasa)

Shikamoo mama. Ndiyo, watakubali, wala hawatamtaka mwanao abadili dini. Wine alikuwa akifungisha ndoa za namna hii enzi ambazo wenzake wengi waliziogopa. Kaskazini mwa Chicago ipo jumuiya ya mrengo huu iitwayo Kol Hadash, waanzie hapo. Wasingoje wiki ya mwisho, kwa kuwa maneno ya ndoa huandikwa kwa ajili yao wawili, na anayeyaandika lazima kwanza awafahamu. Nawe mama waambie unachotaka kisikike siku hiyo kutoka kwenu. Huo ndio wakati wake.

Wanawake wanaruhusiwa? Na Abayudaya wa Mbale ni wa kundi hili? (Msomaji, Kampala)

Wanaruhusiwa kabisa. Rabi wa kwanza kuhitimu katika taasisi yao, mwaka 1999, alikuwa mwanamke, Tamara Kolton.

Abayudaya, Wayahudi wa mashariki mwa Uganda, ni habari nyingine. Wao, tangu jemadari Mganda Semei Kakungulu alipowaongoza kwenye Uyahudi mwaka 1919, ni watu wa kusali na kushika Sabato. Rabi wao Gershom Sizomu alipata urabi Los Angeles mwaka 2008, katika mrengo wa Kihafidhina (Conservative), ambao husali.