Dawa ya mbu ya kujipaka: tia udhu kwanza

Wengi hapa Lamu wanaoniambia kwamba dawa ya mbu ya kujipaka haisaidii huwa wameiosha kabla haijawafaa. Jua likikaribia kuzama wanajipaka mikono na miguu, adhana inaadhiniwa, wanatia udhu, na maji yanapita palepale penye dawa. Wakishaswali wanatoka kukaa barazani, saa ambayo mbu wamechachamaa. Mimi hujipaka nikishaswali magharibi, na nikitia udhu wa isha narudia pale palipoingia maji. Usiku wa Maulidi, watu wakikesha nje pale msikiti wa Riyadha, utaratibu huu umenifaa sana.

Kabla ya kulipa dukani, geuza chupa utafute neno DEET, ndicho kiambato kinachomzuia mbu, na asilimia yake. Dawa hii ilitengenezwa kwa ajili ya jeshi la Marekani mwaka 1946, na raia wakaanza kuitumia mwaka 1957. Haiui mbu, humzuia tu asitue kukuuma, kwa hiyo kisigino ulichokisahau kitaumwa. Yenye asilimia 10 hukukinga kama saa 2, ya asilimia 30 kama saa 5, ingawa kwa joto letu jasho huipunguza. Zaidi ya asilimia 50 huongezewi muda wa maana, na sioni sababu ya kuilipia.

Usidhani ni ya usiku tu. Mwaka 2004 homa ya chikungunya, inayoenezwa na mbu, iliingia kisiwani humu ikalaza watu nyumba kwa nyumba. Mamangu aliumwa viungo miezi mingi, hata kushika kikombe kulikuwa shida. Mbu anayeieneza ni yule mwenye madoadoa meupe miguuni. Huuma mchana na huzaliana kwenye maji tunayoyaweka majumbani. Wazee wetu walifuga visamaki ndani ya birika, yaani hodhi la maji la nyumbani, ili wale viluwiluwi vya mbu, na natamani kila nyumba yenye birika irudie desturi hiyo. Mchana, basi, ukikaa uani au kivulini, jipake. Kama unapaka pia mafuta ya kukinga jua, yatangulie hayo, dawa ifuate.

Angalia vitu vyako. DEET huyeyusha plastiki, kwa hiyo futa viganja kabla ya kushika miwani, saa au simu. Pamba haidhuriki, kikoi hakina neno, lakini reyoni na spandeksi huharibika. Mwenye buibui la kitambaa cha namna hiyo aiache dawa ikauke ngozini kwanza. Wala usijipake chini ya nguo, paka ngozi iliyo wazi tu.

Kwa watoto nawasihi wazazi wawe makini. Mtoto asijipake mwenyewe. Mtu mzima aitie viganjani mwake ndipo ampake, akiepuka macho, mdomo, vidonda na vidole vya mtoto, maana vidole huishia mdomoni. Isizidi asilimia 30. Mkirudi ndani, mwosheni kwa sabuni kabla ya kumlaza. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku, kwa hiyo alale ndani ya chandarua hata kama jioni alipakwa. Mtoto ambaye hajatimiza miezi 2 asipakwe kabisa, mfunikeni kwa chandarua, hata usingizi wa mchana.