Anza na miguu, difu isubiri

Mkuu, kwa Corolla 110 unayotaka kuichezea rally hapo Tabora, swali lako la kuanza na difu ya LSD (difu, gia inayogawa nguvu kwa matairi, ila hii inazuia tairi moja kuzunguka bure) au shokapu ni jepesi: shokapu, yaani miguu ya gari. Ila kabla hujanunua, badilisha bushi (mipira) zote za arm, vyuma vinavyoshika magurudumu, na boli jointi zilizochoka, la sivyo unampa fundi hela bure tu. Chukua shokapu za gesi. Zile za mafuta peke yake, ukizipiga kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi, mafuta yanapata moto, yanatoa povu, gari linaanza kudundadunda na usukani haukusikilizi. Springi ngumu zifuate shokapu zake, usichanganye. Na usiinue gari kupita kiasi: shafti zinazozungusha magurudumu zinakaa na pembe kali, CV jointi (viungo vya shafti hizo) zinakufa mapema, utasikia ka-ka-ka ukikata kona.

Kinga ya chuma ya sampo (bakuli la oili chini ya injini), lazima. Mawe hayana adabu.

Difu ya kawaida inapeleka nguvu kwenye tairi lisiloshika chini, mchangani kweli inakera, lakini hakikisha klachi ni nzima, haijachoka, kwanza. LSD ni ya msimu ujao.