Ramani ya ukinzani wa udongo: chuja kwanza, ndipo ulainishe

Mkuu, umesema shamba lako la Kahe umelipima ukinzani, yaani jinsi udongo unavyozuia umeme kupita, kwa miraba ya mita 10, ramani imetoka na madoadoa na sasa unataka kuilainisha, yaani kusawazisha namba za jirani ili madoa yapungue. Kazi hii naifanya huku tambarare za chini ya Moshi, na nakusihi usikimbilie kompyuta.

Rudi shambani kwenye yale madoa. Kiangazi mfinyanzi wa huku hupasuka; kijiti cha chuma cha kupitishia umeme kikiingia kwenye ufa hakishiki udongo, umeme unaopita ni kidogo mno, na namba inaruka. Mwagia maji kidogo, shindilia, pima tena. Ikijirudia ileile, basi ndivyo udongo ulivyo, iache. Ukiwa karibu na uzio wa waya au bomba la chuma, namba za hapo usiziamini kabisa.

Zilizobaki zichuje kwa namba ya katikati, si kwa wastani. Chukua kituo kimoja na majirani zake wanane: 18, 21, 19, 22, 240, 20, 17, 23, 19. Wastani ni 44, namba ambayo haipo popote pale shambani. Zipange kuanzia ndogo, ya katikati ni 20. Hiyo 240 moja ingekuharibia eneo zima.

Halafu zigeuze kuwa logi (logariti, kitufe cha "log" kwenye kikokotoo) kabla ya kuchora, kwa sababu kutoka 10 hadi 20 ni badiliko kubwa sawa na kutoka 100 hadi 200. Kuchora kwenyewe QGIS, programu ya ramani ya kompyuta, inatosha, na ni ya bure.

Ninapokuwa mkali ni kwenye upana wa kulainisha. Huku kuna vipande vya magadi ambapo mahindi hudumaa na majani kuungua pembeni, na kipande kinaweza kuwa na upana wa mita 20 tu. Ukilainisha kwa mita 50 umekifuta, na pengine ndicho ulichokuwa unakitafuta. Mimi sipiti upana wa miraba miwili.

Ila ukinzani mdogo peke yake hausemi ni magadi. Unyevu hushusha namba, mfinyanzi pia. Toboa kwa oga (kekee ya kuchukulia udongo) sehemu yenye namba ndogo na yenye kubwa, upime pH, kipimo cha uasidi na ualkali wa udongo. Ikizidi 8.5, hapo una magadi. Na kama nusu ya shamba uliipima kabla ya kumwagilia na nusu baada, hakuna kulainisha kutakakokusaidia, pima upya.