Gogogo wa Tanganyika hawazai peke yao

Ndugu, umeuliza kwa nini gogogo wako wa tangini, samaki wa jamii ya kambare wenye madoadoa kutoka Ziwa Tanganyika, yaani Synodontis multipunctatus, hawazai ilhali wamenona na umewawekea chungu cha kujifichia. Tatizo si chungu wala chakula. Samaki hawa hawalei makinda yao. Huwasubiri samaki wanaoatamia mayai mdomoni, na jike la samaki hao anapotaga, gogogo hupita kwa kasi, hula baadhi ya mayai na kuacha ya kwao, ambayo jike huyo huyaokota pamoja na yake. Mayai ya gogogo, ambayo ni madogo zaidi, huanguliwa kwa takriban siku 3, mapema kuliko ya mwenyeji, kisha vifaranga huwala watoto wake humo humo mdomoni.

Kwa hiyo, weka kundi la gogogo, madume na majike, pamoja na mbuna wa Ziwa Nyasa, samaki wanaoatamia mayai mdomoni, dume mmoja na majike kadhaa. Nawapendelea mbuna kwa sababu hawakukua na gogogo hawa ziwani mwao, hivyo ni wepesi kudanganyika kuliko samaki wa Tanganyika. Maji yawe magumu, yenye joto la nyuzi 24 hadi 27.

Ukiona koo la jike la mbuna limevimba na hataki kula, mhamishie taratibu kwenye tangi lake. Vifaranga wa gogogo wakishatoka mdomoni, walishe artemia (vijidudu vya maji ya chumvi) waliototolewa punde mara kadhaa kwa siku, kwani wakiona njaa hulana wao kwa wao.