Tukio Moja Likifika Mara Mbili

Ukitaka kujua kama mfumo wa matukio (programu zinazotumiana taarifa za yaliyotokea, kama agizo kulipwa) umepangwa vizuri, waulize walioujenga swali moja: tukio lilelile likifika mara mbili, nini hutokea? Wakijibu kwamba halifiki mara mbili, tatizo umeshaliona. Mtandao ukikatika baada ya ujumbe kupokelewa lakini kabla mtumaji hajajibiwa, mtumaji hana namna ya kujua kama ujumbe umefika, kwa hiyo anautuma tena. Hapo hakuna aliyekosea. Ndivyo mifumo iliyosambaa ilivyo.

Kafka, programu ya kupokea, kuhifadhi na kusambaza matukio, ilipoleta miamala (maandishi kadhaa yanayokubaliwa yote au yakataliwe yote) mwaka 2017, katika toleo 0.11, wengi walielewa kwamba kila tukio sasa litashughulikiwa mara moja tu. Ni kweli, mradi kazi inaanzia Kafka na kuishia Kafka. Barua pepe, malipo au hifadhidata ya nje havimo katika ahadi hiyo.

Kwa hiyo anza na mpokeaji. Kila tukio lipewe kitambulisho cha pekee kule linakozaliwa. Mpokeaji awe na jedwali la vitambulisho alivyokwisha kuvishughulikia, lenye sharti la kutorudia. Kitambulisho kiandikwe katika muamala uleule unaobadilisha data. Ukiviandika katika miamala miwili, programu itazimika katikati siku moja, nawe utabaki na kazi iliyofanyika bila alama, au alama bila kazi. Usivifute vitambulisho mapema pia: Kafka huhifadhi matukio saa 168, yaani siku 7, usipobadilisha mpangilio, na mtu akirudisha usomaji nyuma yatapita yote upya.

Upande wa mtumaji kuna mtego kama huo. Kuandika agizo kwenye hifadhidata kisha kutuma tukio ni hatua mbili, na kati ya hatua mbili pana nafasi ya kuanguka. Weka tukio kwenye jedwali la kusubiria ndani ya muamala wa agizo, kisha programu nyingine ndogo isome jedwali hilo na kutuma. Programu hiyo nayo inaweza kutuma mara mbili, lakini mpokeaji umeshamwandaa.

Mpangilio wa matukio ndio unaowachanganya wengi. Kafka hugawa kila mada, yaani mkondo wa matukio wenye jina lake, katika vipande viitwavyo partisheni, na hulinda mfuatano ndani ya partisheni moja tu, si ndani ya mada nzima. Matukio ya agizo moja yapewe ufunguo mmoja ili yaende partisheni moja. Ukiongeza partisheni baadaye, tuseme kutoka 6 hadi 12, hesabu inayotumia ufunguo kuchagua partisheni inabadilika: matukio ya zamani yanabaki yalipokuwa, mapya yanakwenda kwingine, na "limefutwa" linaweza kusomwa kabla ya "limelipwa". Ni nafuu kuanza na partisheni za akiba. Namba ya toleo kwenye kila tukio nayo inasaidia, kwani mpokeaji analipuuza lenye namba ndogo kuliko aliyonayo. Usilinganishe saa za mashine mbili kuamua lipi lilitangulia. Tangu 1978 mwanasayansi wa kompyuta Leslie Lamport alionyesha kwamba kihesabu kinachosafiri pamoja na ujumbe kinatosha kupanga visababishi na matokeo, bila saa ya ukutani.

Kuna hitilafu moja inayofanana na mzimu: wapokeaji wanafanya kazi, prosesa iko juu, lakini mrundikano haupungui. Angalia mipangilio miwili. Usipoibadilisha, mpokeaji wa Kafka huchukua hadi matukio 500 kwa mkupuo, na ana dakika 5 za kurudi kuomba mengine. Kila tukio likimchukua sekunde 0.7, mkupuo unamaliza sekunde 350. Anaondolewa kwenye kundi la wapokeaji wanaogawana kazi, partisheni anapewa mwingine, naye anaanzia palepale mwanzo na kushindwa vilevile. Punguza idadi ya kila mkupuo (max.poll.records) hadi 100 kabla ya kufikiria kuongeza mashine.

Kuhusu usalama wa data: nakala 3, acks=all (mtumaji asubiri nakala zote zinazokwenda sawa zithibitishe), na min.insync.replicas=2 (idadi ya chini ya nakala hizo). Hii ya tatu husahaulika, na chaguo-msingi lake ni 1, maana yake "zote" inaweza kuwa nakala moja pekee iliyobaki hai.

Tukio bovu lijaribiwe mara chache, kila jaribio likisubiri zaidi ya lililotangulia, kisha liwekwe kando kwenye mada yake pamoja na sababu ya kushindwa. Kumbuka tu kwamba yanayolifuata kwa ufunguo uleule yatapita mbele yake.

Anayejumlisha matukio kwa madirisha ya muda, yaani vipindi kama saa moja moja, ahesabu kwa saa ya tukio kutokea, si ya kufika. Partisheni moja ikikaa kimya, alama ya muda (inayoonyesha usomaji umefika wapi katika saa za matukio) haisogei na dirisha halifungi hata kama nyingine zote zinafurika. Flink, programu ya kuchakata mikondo ya matukio, ina mpangilio wa kuitenga partisheni iliyonyamaza, ila lazima uuwashe mwenyewe.

Kabla ya kuanza kazi halisi, chukua matukio ya siku moja yaliyorekodiwa na uyapitishe kawaida. Hifadhi matokeo. Yapitishe tena kwenye hifadhidata tupu, kila tukio likirudiwa, machache yakicheleweshwa, na mpokeaji akiuawa ghafla baada ya kuandika lakini kabla ya kuthibitisha ofseti (namba ya mahali alipofikia kusoma). Linganisha hali za mwisho safu kwa safu, na usiruhusu mfumo utoke hadi zifanane.