Maswali Yenu: Rubani Anaongea Nini na Mnara Ndege Ikipata Shida Angani?

Wapendwa wasomaji, mwezi huu maswali mengi yaliyonifikia ni ya kitu kimoja, redio ya ndege, nadhani ni kwa sababu ya zile video zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp zenye sauti za marubani wakiongea na mnara wa kuongozea ndege wakati mambo yameharibika. Nimechagua matano. Mimi kabla ya kuandika hapa nimefanya kazi ya kuongoza ndege miaka mingi, kwahiyo hii mada naipenda na inaniuma pia, mtaona.

SWALI: Habari za kazi kaka. Nilikuwa kwenye ndege ya asubuhi kutoka Mwanza kwenda Dar, tumeruka kidogo tu rubani akatangaza kuna hitilafu ndogo tunarudi, sauti yake ya upole kabisa. Tumeshuka salama lakini nikaona magari ya zimamoto yamejipanga pembeni ya ranwei, ile njia ya kurukia na kutua. Sasa alitudanganya? Na kule kwenye redio alikuwa anaongea hivyohivyo kwa upole?
Dada msomaji, Mwanza

JIBU: Pole sana dada yangu kwa mshtuko. Hakuwadanganya. Zimamoto wanatolewa hata kwa jambo ambalo mara tisini na tisa kati ya mia halitaleta moto, ni utaratibu tu, bora wakae pale bure kuliko waitwe wakati ndege ishasimama inafuka moshi.

Kuhusu redio, marubani wanafundishwa mpangilio wa mambo matatu na hauchezewi: kwanza endesha ndege, pili jua unaelekea wapi, tatu ndo uongee. Kwahiyo shida ikitokea usishangae mnara ukikaa sekunde kadhaa bila kusikia kitu, watu wako bize kuishika ndege. Akishapata nafasi anabonyeza kitufe na kusema Mayday mara tatu, yaani niko hatarini, anataja jina la ndege, tatizo ni nini, anataka kufanya nini, yuko wapi na yuko futi ngapi. Kama tatizo ni kubwa ila hakuna hatari ya papo hapo, mfano kuna mgonjwa ndani au injini moja inasumbua lakini ndege inaruka vizuri, anasema Pan-Pan, nayo mara tatu.

Yule aliyeko mnarani au kwenye chumba cha rada anaandika harakaharaka, na kuna vitu viwili atauliza kila mara, mafuta yamebaki ya muda gani na watu ndani ni wangapi. Mafuta tunayataka kwa saa na dakika, siyo kwa kilo, kwa sababu mimi kilo zako hazinisaidii kitu, nataka nijue una dakika ngapi za kukaa hewani. Na idadi ya watu ni ya zimamoto, wajue wakishatoa wangapi ndo wamemaliza. Ila hata haya maswali yana wakati wake, rubani ana haki ya kukwambia subiri na wewe unanyamaza.

Mfano mzuri ni ile ndege ya US Airways namba 1549, New York, tarehe 15 Januari 2009. Wamegonga bata bukini muda mfupi tu baada ya kuruka LaGuardia, injini zote mbili zikapoteza nguvu. Mwongoza ndege Patrick Harten akampa kapteni Sullenberger ranwei ya kurudi LaGuardia, akajibiwa haiwezekani. Akampa uwanja mwingine wa Teterboro, akajibiwa hatuwezi. Akauliza basi unataka ranwei ipi pale Teterboro, jibu likaja fupi kwamba tutaishia kwenye mto Hudson. Msikilize Harten kwenye ile sauti, halazimishi, habishani, kila akikataliwa analeta kitu kingine mezani. Kuanzia kugonga bata wale mpaka kutua majini ilikuwa kama dakika tatu na nusu na watu wote 155 walipona. Upole wa sauti dada yangu siyo kuficha, kwenye redio mtu akipiga kelele hasikiki maneno.

SWALI: Mwandishi, nimeambiwa kuna ndege iliwahi kuanguka kwa sababu rubani aliona aibu kusema wana dharura. Mimi siamini, mtu mzima anakufa hivihivi kwa kuona aibu?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Amini ndugu yangu, ingawa aibu peke yake haitoshi kueleza. Hili jibu litakuwa refu nivumilieni.

Ilikuwa Avianca namba 52, Boeing 707 iliyotoka Bogotá ikapitia Medellín nchini Colombia kwenda uwanja wa Kennedy, New York, tarehe 25 Januari 1990. Hali ya hewa New York ilikuwa mbaya, ukungu na upepo wa kubadilika, ndege zimejazana, kwahiyo wakawekwa kuzunguka hewani wasubiri. Siyo mara moja, mara tatu, ukijumlisha zote ni saa 1 na dakika 17. Wakati huo wote mafuta yanaisha. Kapteni Kiingereza chake kilikuwa kidogo, aliyekuwa anaongea na redio ni rubani msaidizi.

Kule kwenye kuzunguka mara ya tatu rubani msaidizi akasema anadhani wanahitaji kipaumbele. Akaulizwa mnaweza kusubiri muda gani, akasema kama dakika tano tu, na uwanja wa akiba ambao ulikuwa Boston hawawezi tena kuufikia. Haya, mtu wa nje ukisikia hivyo unasema mbona kashasema kila kitu? Lakini kwenye kazi yetu kipaumbele na dharura ni vitu viwili tofauti kabisa. Ni kama mtu aliyefika hospitali akamwambia nesi kwa upole naomba niangaliwe mapema kidogo, nesi atamwitikia vizuri na foleni itaendelea, ila akisema siwezi kupumua watu wanakimbia. Waongoza ndege wa siku ile walikuwa na ndege nyingi, neno la kuwafanya wasimamishe kila kitu halikuja. Na mbaya zaidi, ndege ilipokabidhiwa kwa mwongoza ndege mwingine, ile habari ya Boston haikufika kwake.

Wakajaribu kutua, upepo ukawasumbua, hawakuiona ranwei, wakapaa tena. Hapo kapteni akamwambia msaidizi wake kwa Kihispania waambie tuko kwenye dharura. Yule kijana kwenye redio akarudia uelekeo aliopewa, nyuzi 180, akasema tutajaribu tena, halafu mwishoni kabisa akaongeza tunaishiwa mafuta. Neno dharura hakulitamka. Kapteni akamuuliza umewaambia? Akajibu ndiyo, nimeshawaambia.

Baadaye kidogo mwongoza ndege akamwambia nitakupeleka kama maili 15 kaskazini mashariki kisha nikurudishe, hiyo ni sawa kwako na mafuta yako? Akajibiwa nadhani ni sawa, asante sana. Mimi hapa ndo huwa naishiwa nguvu kila nikisoma ile ripoti. Alikuwa anaulizwa waziwazi, mlango umefunguliwa, angesema hapana tu, neno moja, angerudishwa ranwei kwa njia fupi. Akasema asante sana. Dakika chache mbele injini zikaanza kuzima moja baada ya nyingine na ndege ikaangukia kilima cha Cove Neck, Long Island. Watu 73 kati ya 158 walikufa.

Wachunguzi wa Marekani waliwalaumu marubani kwa kutosimamia mafuta na kutoitangaza dharura kabla hayajaisha, ila wakasema pia mpango wa kupanga foleni ya ndege ulikuwa mbovu na hakukuwa na maneno rasmi ya kueleza mafuta yanavyopungua ambayo kila mtu anayaelewa sawasawa. Hilo la mwisho limechukua muda, mwaka 2012 ndo shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, likaweka maneno mawili rasmi. La kwanza rubani anasema mafuta yamefika kiwango cha chini, maana yake sina dharura ila msinicheleweshe tena. La pili ni Mayday mara tatu kisha mafuta, hapo hakuna tena foleni.

Wengi wakisikia kisa hiki wanasema ni Kiingereza tu, wangeongea lugha yao wangepona. Siyo kweli. Tarehe 28 Novemba 2016 ndege ya LaMia iliyobeba timu ya mpira ya Chapecoense ya Brazil ilikuwa inakwenda kutua hukohuko Medellín, rubani na mwongoza ndege wote wanaongea Kihispania. Rubani aliondoka Bolivia na mafuta ya kumfikisha tu, bila akiba, hilo ni kosa lake kubwa. Lakini hata alipokaribia akaanza na hilihili neno, akaomba kipaumbele kwa tatizo la mafuta. Kulikuwa na ndege nyingine mbele yake nayo inahofia mafuta yake yanavuja, ikapewa nafasi. Alipokuja kusema waziwazi kwamba umeme na mafuta vyote vimekwisha, tayari alikuwa anashuka kwenye milima gizani. Walikufa 71 kati ya 77. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na huyu nadhani alikuwa anaficha kwa sababu akisema angeanza kuulizwa kwanini uliruka na mafuta kidogo.

SWALI: Kwahiyo rubani akisema Mayday halafu ikaonekana haikuwa kitu, anaadhibiwa? Maana hapa kwetu kila kitu ni barua ya kujieleza.
Msomaji, Tabata

JIBU: Haadhibiwi kwa kusema. Sheria za anga za kimataifa zinampa kapteni mamlaka ya mwisho juu ya ndege, na usalama ukidai anaruhusiwa hata kuvunja kanuni. Baadaye anaweza kuombwa ripoti, ndiyo, ataandika. Lakini hofu unayoisema wewe ipo na inaua. Kwa hiyo kazi ipo pia upande wa mnara: mwongoza ndege akihisi mtu anazungukazunguka maneno anatakiwa amuulize moja kwa moja, unatangaza dharura? Swali hilo ni fupi na limewatoa watu wengi kwenye kigugumizi. Mabosi wa mashirika nao wakimkaripia rubani kwa kurudi na ndege nzima, ujue wanamfundisha wa kesho anyamaze.

SWALI: Redio ikifa kabisa je?
Mzee msomaji, Tanga

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Kuna kifaa kwenye ndege kinaitwa transponda kinachojibu rada, rubani anaweka namba 7600 na kwenye skrini yetu ile ndege inaonekana tofauti, tunajua haisikii. 7700 ni dharura yoyote, 7500 ni ametekwa. Pia kuna masafa ya redio ya 121.5 ya dharura dunia nzima, hata ndege zilizo karibu zinasikiliza. Ikishindikana yote, mnarani kuna taa maalum ya kuelekeza kwa ndege, kijani ya kuwaka moja kwa moja maana yake tua, nyekundu ya kuwaka moja kwa moja endelea kuzunguka mpishe mwenzio, nyekundu ya kuwaka na kuzima uwanja si salama usitue. Mchana rubani anaitikia kwa kutikisa mabawa.

SWALI: Shikamoo. Niko kidato cha sita Morogoro, nataka kuwa mwongoza ndege ila Kiingereza changu cha kuongea siyo kizuri na nimesoma hapo juu naogopa zaidi. Mnaongea Kiswahili na marubani wetu?
Kijana msomaji

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Salamu moja ya Kiswahili utaisikia, kazi yenyewe ni Kiingereza, na sababu nzuri ipo: masafa ni mamoja na kila rubani aliye pale anasikiliza mazungumzo ya wenzie ili ajue nani yuko wapi. Ukimwelekeza mmoja kwa Kiswahili, yule anayetoka Doha au Addis amefumbwa macho.

Usiogope lakini. ICAO inapima lugha kwa madaraja sita, unatakiwa ufike la 4, na ukiwa la 4 kwa kawaida unapimwa tena kila miaka 3. Hawapimi lafudhi ya Kizungu, wanapima kama unaeleweka na kama ukikwama unajua kuuliza. Maana hata Kiingereza cha Waingereza kinakwama. Tarehe 24 Juni 1982 ndege ya British Airways namba 9, Boeing 747, iliingia kwenye majivu ya volkano ya Galunggung huko Indonesia usiku, injini zote nne zikazima. Wakaiambia Jakarta kwa Mayday kwamba tumepoteza injini zote nne, Jakarta ikaelewa kwamba ni injini namba nne. Ndege ya Garuda, shirika la Indonesia, iliyokuwa karibu ndo ikasikia vizuri na kuufikisha ujumbe. Kwa bahati injini ziliwaka tena walipotoka kwenye majivu, wakatua Jakarta.

Kwahiyo anza sasa. Namba zinasomwa mojamoja, 180 ni moja nane sifuri, usiseme mia na themanini, na tisa kwenye redio hutamkwa naina ili isichanganywe. Zoea kurudia ulichoambiwa kwa sauti mpaka mwisho, na zoea kusema sijakusikia, rudia, bila kuona haya. Hesabu, fizikia na jiografia vishike. Ukimaliza, chuo cha usafiri wa anga cha TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, kiko Dar, na kingine kikubwa kiko Nairobi pale Embakasi, waandikie wewe mwenyewe uulize sifa za mwaka huo kwa sababu hubadilika. Na ukifika kwenye usaili wakakuuliza swali usilolielewa, waombe walirudie kabla hujajibu.